Mpango wa mazingira kiwandani hauanzii bustanini

Pita siku yoyote kwenye mitaa ya Dar es Salaam wanakouza vyombo vya kuhifadhia maji, utayakuta mapipa ya plastiki ya rangi ya bluu yamepangwa kando ya barabara. Ni mapipa imara, yanachukua lita 200 na ushei, na bei yake ni nafuu kuliko tangi jipya la dukani. Akina mama wanayanunua kwa ajili ya maji ya kupikia, mama lishe wanayaweka nyuma ya vibanda vyao, na mahali pengine utayakuta hata pembeni mwa msikiti yamejazwa maji ya udhu. Ukimuuliza muuzaji pipa hili lilikuwa na nini kabla, atakujibu haraka haraka kuwa lilikuwa na juisi au mafuta ya kula, na kwamba limeoshwa vizuri kwa sabuni ya unga. Inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia hajui, kwa sababu yeye naye kalinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, na mwanzo wa mlolongo huo ni geti la kiwanda.

Tumeanza na pipa kwa makusudi. Yanapotajwa mazingira na viwanda, wengi wetu tunafikiria moshi angani au maji meusi mtoni. Na mwenye kiwanda akiambiwa aanzishe mpango wa kutunza mazingira, mara nyingi analofikiria ni kupanda miti. Itafika tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, wafanyakazi watapewa fulana, kiongozi wa wilaya atakaribishwa, miche hamsini itafukiwa mbele ya ofisi na picha itatoka gazetini. Hatuna ugomvi na miti. Lakini ukirudi kiwandani hapo mwezi wa nane utakuta miche imekauka, na nyuma ya jengo, ambako mgeni rasmi hakupelekwa, mtaro ni ule ule na mapipa yanatoka vile vile.

Sasa tumchukulie msomaji wetu ambaye ni mwenye kiwanda, meneja, fundi au mtunza stoo, na ambaye ameamua kwa dhati kuwa kiwanda chao kibadilike. Aanzie wapi? Jibu letu ni kwamba aanzie kwenye daftari la hesabu: nini kinaingia getini, nini kinatoka, na kile kisichoonekana kimekwenda wapi. Lakini kabla ya daftari kuna swali moja ambalo mkubwa wa kiwanda lazima ajiulize akiwa peke yake: nikiletewa jibu baya, nitalipokea au nitamhamisha aliyelileta? Hili ndilo gumu kuliko yote, na kwa hiyo tutalitangulizia.

Wenzetu wa Mombasa wanalo fundisho lake, nalo ni chungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wanakoishi watu wapatao 3,000, palikuwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa ni kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Yaani mpango ulikuwa umeanza, na ulianzishwa na kiwanda chenyewe. Mtaalamu akafanya kazi yake, na ushauri ukawa kwamba kiwanda kile hakifai kuwa karibu namna ile na makazi ya watu, kihamishwe. Wakubwa hawakuutaka ushauri huo, na mama yule akapangiwa kazi nyingine. Haukupita muda mwanawe mchanga akaugua homa isiyoeleweka, na alipopimwa damu ikakutwa na risasi.

Tusimame hapo kidogo tuelewe risasi inafanya nini, maana baadhi ya wasomaji wetu wanaishi jirani na mafundi wa betri. Madini haya yanaingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi na kwa maji. Mtu mzima yanamletea shinikizo la damu na maradhi ya figo, na mama mjamzito yanaweza kumharibia mimba. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi kwa sababu yanamgusa ubongo ambao bado unakua, na kilichoharibika huko hakirudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Na si lazima mtoto afike kiwandani. Baba anayefanya kazi huko akirudi jioni na nguo za kazi, akambeba mwanawe kabla ya kuoga, amekwishamletea.

Kiwanda kile cha Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014, baada ya miaka ya malalamiko na maandamano. Mwaka uliofuata Phyllis Omido akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwezi Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na lawama haikuishia kwa wenye kiwanda tu bali ilizigusa pia taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Wakati wote huo hapakuhitajika mtaalamu kutoka Ulaya kuja kugundua tatizo. Tatizo lilikuwa limeandikwa kwenye ripoti iliyolipiwa na kiwanda chenyewe, mwanzoni kabisa, na likasomwa na wenye uwezo wa kuamua.

Kwa hiyo ndugu yangu uliye mkurugenzi, kama nia yako ni ripoti nzuri ya kubandika ukutani, usianze. Utamtafutia matatizo mfanyakazi wako bure.

Tukirudi kwenye daftari. Tuchukue mfano wa kubuni, wa kiwanda kinachotengeneza ndoo. Kwa mwezi kinanunua tani 100 za chembe za plastiki. Ndoo zilizouzwa pamoja na zilizobaki stoo zikipimwa uzito, zinatoka tani 91. Skrepa iliyouzwa kwa wanunuzi wa chakavu ni tani 4. Jumla 95. Tani 5 ziko wapi? Kila mtu kiwandani atakuwa na jibu lake: zimemwagika, zimefagiliwa, zimeungua mashine ilipopata joto kupita kiasi, mzani una matatizo, au, tuseme ukweli, kuna mtu anazipitisha ukutani usiku. Kama tani moja inanunuliwa kwa shilingi milioni 3, hizo tano ni milioni 15 kwa mwezi, na kwa mwaka ni milioni 180. Hizo chembe zilizofagiliwa ndizo zile utakazozikuta mtaroni baada ya mvua, na kutoka mtaroni zinakwenda mtoni na baharini. Mhasibu anaziita hasara na mvuvi anaziita uchafu, kumbe ni kitu kimoja, na kilishalipiwa. Mwenye kiwanda ambaye hatashtushwa na habari za samaki, aghalabu atashtushwa na habari za milioni 180.

Vivyo hivyo kwa umeme. Viwanda vingi vina mita moja tu ya kiwanda kizima, na bili ikija kila idara inasema si sisi. Nenda kasome mita siku ya Jumapili asubuhi, siku ambayo hakuna uzalishaji, kisha uisome tena jioni. Umeme ulioliwa siku hiyo, ukitoa taa za ulinzi na jokofu kama lipo, umefanya kazi gani? Siku hiyo hiyo, mitambo ikiwa kimya, washa kompresa ya hewa na utembee kufuata mabomba. Utasikia hewa ikizomea kwenye maungio. Paka povu la sabuni uone mapovu yanapofurika, weka alama ya chaki, Jumatatu fundi afunge. Wahandisi wanasema katika kiwanda kisichofuatiliwa, robo ya hewa inayosukumwa na kompresa, na pengine zaidi, huishia hewani bila kugusa mashine yoyote. Kazi ya kutafuta matundu hayo haihitaji mkopo wala mfadhili.

Maji nayo. Bomba moja la kusafishia sakafu likiachwa linavuja kiasi cha kujaza ndoo ya lita 20 kwa saa, kwa siku ni lita 480, kwa mwezi wa siku 30 ni lita 14,400. Hilo ni bomba moja. Na maji yanayotoka ni habari nyingine kubwa zaidi. Lazima mtu mmoja achore, hata kwa penseli, ramani ya mitaro yote ya kiwanda: upi ni wa mvua na upi ni wa maji yaliyotumika. Kuna viwanda ambavyo mafundi wa leo hawajui mitaro ile inakwenda wapi, kwa kuwa waliochimba walishastaafu. Wakazi wa kando ya Mto Msimbazi, ambao unakatiza katikati ya jiji na kupokea maji ya viwanda na ya majumbani, hawahitaji kuelezwa maana yake. Mvua za masika ni kisingizio kikubwa. Mtu akifungua tangi la maji machafu usiku wa mvua anajiambia kuwa maji mengi yatayapoteza. Hayapotei, yanahamia kwenye mchicha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wazungu na ya makampuni yenye fedha. Basi tuwatazame hao wenye fedha walivyoanza, maana hawakuanza na fedha. Kule Georgia, Marekani, kuna kampuni ya mazulia inayoitwa Interface, iliyoanzishwa na Ray Anderson mwaka 1973. Zulia lao ni la vipande vya mraba vinavyopangwa kama vigae, kipande kikichakaa unang'oa hicho tu. Kwa miaka 20 Anderson hakuwa na habari na mazingira zaidi ya kutii sheria. Mwaka 1994 wateja walianza kuuliza kampuni inafanya nini kuhusu mazingira, wafanyakazi wakaitisha kikao na wakamtaka mwenyekiti aje atoe mwelekeo. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa na la kusema. Katika kuhangaika akakisoma kitabu cha Paul Hawken kuhusu biashara na mazingira, kikamtia simanzi, akaenda kikaoni akiwa mtu mwingine.

Ona sasa walichofanya. Walianza na takataka. Waliunda vikundi vya wafanyakazi viwandani vitafute kila kilicholipiwa na kisichomfaa mteja: nyuzi zilizokatika, mazulia yaliyokosewa rangi, joto lililotoka bure. Mwaka 2009 Anderson alieleza hadharani kwamba upunguzaji wa takataka peke yake ulikuwa umewaepusha na gharama za zaidi ya dola milioni 400, na kwamba fedha hizo ndizo zilizolipia mabadiliko mengine yote. Alifariki mwaka 2011.

Kipo kisa kimoja cha kampuni hiyo ambacho kila fundi bomba angekipenda. Walipokuwa wakijenga kiwanda Shanghai, China, katika miaka ya 1990, michoro ya awali ilionesha kwamba mfumo mmoja wa kusafirisha joto kwa mabomba utahitaji pampu zenye nguvu za farasi 95 kwa jumla. Mhandisi wao Mholanzi akaifumua ile michoro. Alifanya mambo mawili tu. Kwanza akaweka mabomba mapana badala ya membamba, kwa sababu ukiongeza upana wa bomba mara mbili, kwa mtiririko ule ule, msuguano unashuka hadi karibu sehemu moja ya 32. Pili akapanga mabomba kwanza na mitambo baadaye, ili mabomba yaende moja kwa moja bila kona. Pampu zikashuka hadi nguvu za farasi 7. Hakuna mashine mpya iliyovumbuliwa pale. Huku kwetu tunaweka mitambo kwanza palipo na nafasi, kisha fundi anaambiwa ajipenyeze na bomba lake, kona baada ya kona, na bili ya umeme inalipa kona zote hizo kwa miaka 20.

Turejee pwani yetu, kwa sababu upo mfano ambao wengi tumeutembelea bila kuutafakari. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954 kikichimba mawe ya matumbawe. Kilichobaki nyuma ni mashimo meupe, makavu, yenye maji ya chumvi chini, na jua likiwaka huwezi kuyatazama. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni, René Haller, alipewa kazi ya kujaribu kuyarudishia uhai. Alipanda aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu, mmojawapo ukiwa ni mvinje, ambao mizizi yake ina vijidudu vinavyoupatia chakula kutoka hewani. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalundikana bila kuoza. Haller akaona majongoo wekundu, wale ambao watoto wa pwani tunawachokoza kwa vijiti, wanayala. Akawaleta kwa wingi. Jongoo akala majani, mavi ya jongoo yakawa udongo, udongo ukaotesha miti mingine. Leo ni msitu wenye twiga na viboko, na ndipo alipoishi yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akajifanya mtoto wa kobe mzee.

Hapa tunataka kuwa waadilifu. Msitu ule unaponya shimo, hauponyi tanuri. Saruji yenyewe, hata ukiichoma kwa moto usio na moshi, jiwe la chokaa likipata joto linatoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo mwenye kiwanda asituoneshe msitu ili tusiulize habari za bomba la moshi. Tunachokichukua kutoka Bamburi ni kingine: aina 26 zilijaribiwa na 23 zikafa, na hakuna aliyefukuzwa kazi. Kutoka mti wa kwanza hadi wananchi kufunguliwa milango ya kutembelea, mwaka 1984, ilipita miaka 13. Mpango unaotakiwa uoneshe matunda kabla ya kikao cha bodi cha Desemba ungekufa pale pale kwenye majani yasiyooza.

Nani auendeshe mpango huu? Makampuni mengi humkabidhi ofisa uhusiano, au kijana aliyemaliza chuo juzi, ambaye hana uwezo wa kusimamisha mashine hata dakika moja. Bora apewe mtu anayeweza kuingia ofisini kwa mkubwa bila kuomba miadi, na asaidiwe na wale ambao kawaida hawaitwi kikaoni: mfagiaji, mlinzi wa geti, mtunza stoo, fundi wa zamu ya usiku. Mfagiaji anajua ni mashine gani inamwaga kuliko msimamizi wake, kwa kuwa yeye ndiye anayezoa. Waulize bila ya msimamizi kuwepo, na lile watakalolisema wakilipwa kwa kukatwa mshahara, usitarajie la pili.

Vyeti navyo tuvitaje kwa kifupi. Kipo cheti cha kimataifa kiitwacho ISO 14001, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2015. Ni kizuri, wateja wa nje wanakiulizia. Ila kinathibitisha kwamba kampuni ina utaratibu wa kusimamia mazingira yake, hakisemi maji yake ni safi kiasi gani. Na upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka tathmini kabla ya mradi na ukaguzi baada yake. Mwenye kiwanda aisome mwenyewe, si kumtuma mtu akamalizane na wakaguzi.

Kama kazi ianze Jumatatu, basi wiki ya kwanza iwe ya kupima tu, bila kumlaumu mtu. Uzito unaoingia, uzito unaotoka, mita asubuhi na jioni, ramani ya mitaro. Wiki ya pili achaguliwe upotevu mmoja, ule unaouma zaidi, uwe ni wa fedha au wa afya ya watu, na kama wa afya upo, huo utangulie hata kama hauna faida ya senti moja. Namba ziandikwe kwa chaki kwenye ubao karibu na saa ya kuingilia kazini, mahali ambapo kila zamu inaziona, na zisifutwe zikiwa mbaya.

Na yale mapipa ya bluu. Stoo iwe na daftari lake peke yake: pipa namba fulani, limekuja na kemikali gani, limekwisha lini, limekwenda wapi. Yaliyobeba kemikali yarudishwe kwa aliyeziuza, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi tangu mwanzo, kwa sababu baada ya kulipwa hatayataka. Lisiloweza kurudishwa likatwe vipande kwa msumeno kabla ya kufika getini na litupwe kama taka ya sumu inavyotakiwa kutupwa. Pipa lenye tundu moja tu watu huziba kwa lami na kuliuza. Mlinzi naye apewe amri kwa maandishi kwamba pipa zima halitoki, hata likiwa juu ya gari la mkurugenzi.